Kidole cha Mama na Upana wa Ukurasa

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa tayari na watoto watatu. Mkubwa nilikuwa mimi, darasa la tatu, na jioni nikitoka shule yeye ndiye anaingia. Darasa la watu wazima lilikuwa katika chumba kilekile nilichosomea, kijijini kwetu Ivuna, na asubuhi mara nyingi nilikuta dawati langu lina vumbi jeupe lililodondoka kutoka kwenye nguo za akina mama waliofika pale moja kwa moja kutoka kupika chumvi. Maneno ya kwanza aliyoyasoma peke yake, nje ya darasa, yalikuwa kwenye ukuta wa zahanati. Alisimama, akasogeza midomo, kisha akatamka kwa sauti: "Subiri hapa." Hapakuwa na foleni wala mgonjwa mwingine, lakini tulisubiri palepale mpaka muuguzi alipotoka mwenyewe kutuuliza tunangoja nini.

Miaka mingi baadaye nilifungua steshenari Tunduma, kando ya barabara inayoelekea mpakani. Nachapa barua, fomu za forodha, mitihani ya shule, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Wateja wangu ni wa huku na wa kule. Mmoja anakuja na "habari za asubuhi," mwingine anasalimia kwa lugha ya kule, "mwapoleni mukwai," na wote wanataka kazi yao iishe kabla lori halijaruhusiwa kuvuka. Kupanga kurasa nilijifunzia kwenye hizo ratiba za mazishi. Ukiweza kuingiza wasifu wa marehemu, nyimbo nne na majina ya wajukuu wote kwenye karatasi moja iliyokunjwa, bila kumkasirisha mwanafamilia hata mmoja, unaweza kupanga kurasa za kitu chochote.

Mwaka mmoja mama alikuja kukaa kwangu wiki tatu kwa ajili ya matibabu ya mguu. Mchana alikaa dukani kwenye benchi, mguu ameuweka juu ya kopo la rangi. Siku moja akaja mwalimu wa shule ya msingi kuchapisha mtihani, na mimi nikawa nasoma maswali kwa sauti ili yeye ahakikishe. Swali la sita lilisema: "Taja matumizi matatu ya chumvi."

Mama akacheka. "Na aliyeipika nani? Hilo hawaulizwi?"

Mwalimu akamgeukia kwa adabu. "Shikamoo mama. Kwani wewe unajua?"

"Marahaba. Kaa chini."

Mwalimu alikaa nusu saa nzima. Mama alimweleza jinsi kiangazi, maji yakishanywea, ardhi ya kwetu inavyotoa unga mweupe juu yake. Jinsi wanawake wanavyoukwangua udongo ule, wanauchuja kwa maji, na maji yale wanayachemsha juu ya mafiga toka asubuhi mpaka chumvi ibaki chini ya chungu. Mwalimu alipoondoka nikamwambia mama arudie, nikaweka simu yangu mezani ikarekodi. Aliendelea kesho yake, na keshokutwa, na karibu kila siku mpaka mguu wake ulipopona. Hapo nikamwambia, "Mama, hiki ni kitabu." Akaniangalia kama mtu anayeambiwa kwamba mbuzi wake amechaguliwa diwani. Lakini hakukataa.

Niliyachapa maneno yake kwa miezi miwili, katikati ya kazi za watu. Nikapiga picha chache za vyungu na mafiga, nikapanga kurasa kwa saizi ya A5, ile ya nusu ya karatasi ya kawaida, kwa sababu vijitabu vyote nilivyowahi kuviona kanisani na kwenye semina vilikuwa vya saizi hiyo. Zilitoka kurasa ishirini na nne. Mwisho kabisa niliweka ukurasa mmoja unaonihusu mimi: mtayarishaji, nilikosoma, ninachofanya. Nilikuwa na picha yangu nzuri niliyovaa tai.

Nikapeleka Mbeya, kwa mama mmoja mwenye mtambo wa uchapaji. Ni mwanamke wa makamo, mikono mipana, anaiendesha mashine ya kukatia karatasi mwenyewe na hamruhusu mtu mwingine kuigusa. Aliniuliza kama nina haraka. Nikamwambia hapana. Akanichapia nakala moja ya mfano, akasema, "Mpelekee mwenye maneno yake akaione. Akikubali, turudi kazini."

Nilishuka na nakala hiyo kwenda Ivuna kupitia Mlowo. Ukitoka Mlowo na baridi yake ukateremka bondeni, unavua sweta, baadaye unafungua vifungo vya shati, na ukifika kwetu unatamani kuvua na viatu. Nilimkuta mama uani anachambua mchele. Alinawa mikono, akaikausha kwenye khanga, akanawa tena. Akakipokea kitabu kwa mikono miwili.

"Ni hiki?"

"Ndicho, mama."

Alikifungua, akatazama picha ya vyungu, akatabasamu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Niliona midomo yake ikisogea. Alisoma maneno mawili, akasogeza kidole, akasimama. Akarudi nyuma. Akaanza tena. Halafu akakifunga polepole na kunirudishia.

"Nisomee wewe."

Nikamsomea chote, toka mwanzo mpaka mwisho, jua likiwa linahama kutoka upande mmoja wa ua kwenda mwingine. Mama alifumba macho. Sehemu nyingine alitikisa kichwa kukubali, sehemu nyingine hakufanya lolote. Nilipomaliza, nikangoja.

"Umesoma vizuri," alisema. "Sauti yako nzuri." Akachukua tena ungo wake. Baada ya kitambo akaongeza, bila kuniangalia, "Ila mimi nilitaka nikisome mwenyewe."

Nilidhani labda ni macho, nikamwuliza kama niende naye hospitali. Akasema macho yake yanamwona kunguru juu ya mti wa jirani, na hata nikitaka atanitajia anakula nini. Nikamwomba afungue tena kitabu, asome mbele yangu, asione haya. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, nadhani kwa kunihurumia.

Nilikaa karibu naye nikakiangalia kidole. Mama husoma kama alivyofundishwa katika lile darasa la jioni: kidole kinatembea juu ya karatasi, silabi kwa silabi, kama mtu anayeshika ukuta gizani. Lakini kidole chenyewe kimefanya kazi ya chumvi miaka arobaini. Ncha yake imekuwa pana na ngumu, ngozi imepasuka na kupona, imepasuka na kupona, mpaka imetengeneza kama gamba. Mistari yangu ilikuwa imebanana. Kidole kikikanyaga neno moja, kinafunika na mstari wa chini yake. Akikiinua atazame, hajui tena alikuwa mstari upi. Alikuwa anaruka mistari, maana ya sentensi inavunjika, na yeye anadhani kosa ni lake.

"Nimesahau kusoma," alisema kwa sauti ndogo.

"Hujasahau, mama. Mimi ndiye nimekosea."

Nikatafuta daftari la shule ndani ya nyumba, la mtoto wa mdogo wangu. Kwenye ukurasa mtupu niliandika sentensi moja kutoka kwenye kitabu kwa herufi kubwa, nikajaza kila mstari. Akajaribu, akakwama. Nikaandika tena kwa kuruka mstari mmoja katikati. Safari hii kidole kilipita kwenye nafasi nyeupe kama mtu anayepita kwenye njia ya shambani bila kukanyaga mahindi. Alisoma sentensi nzima. Alikwenda polepole, lakini hakurudi nyuma hata mara moja. Halafu akakunja uso.

"Hivi mimi sikusema hivi."

"Vipi?"

"Umeandika 'chungu kilitoa sauti.' Mimi nilisema chungu kililia. Chungu cha chumvi kikikaribia kukauka kinalia. Mtu asiyejua hilo anaunguza."

Nilicheka kwa aibu. Ni kweli. Nilikuwa nimenyoosha maneno yake, pale alipoongea kama tunavyoongea kwetu nikaweka Kiswahili cha mtihani. Nilimwahidi nitasikiliza upya sauti zote na kurudisha alivyosema. Nikaichana ile karatasi kutoka kwenye daftari, nikaikunja nikaiweka ndani ya pasipoti yangu, mahali ambapo haiwezi kupotea. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu.

Kabla sijaondoka nilimwonyesha karatasi nzima ya A4 nikamwuliza kama kitabu kiwe kikubwa namna hiyo.

"Hilo ni faili la ofisi," alisema. "Nitalishikaje? Nataka kinikae mapajani, na nikienda kwa watu nikibebe kwapani."

Nilirudi Tunduma nikiamini ni kazi ya jioni moja. Kwenye programu kuna mahali pa kuandika upana na urefu wa ukurasa. Nilidhani nitabadilisha namba mbili, mengine yatajipanga. Kwanza niliongeza herufi na nafasi kati ya mistari kulingana na ile karatasi ya daftari, ukurasa ukabaki A5. Kitabu kikafika kurasa mia moja na kumi na tisa. Kila mstari ulikuwa na maneno manne au matano tu, na maneno marefu yakawa yanakatika katikati. "Walipokuwa" lilianzia mstari mmoja likaishia mwingine. Kwa mama ingekuwa ni kumwekea mawe njiani.

Nikampigia simu yule mama wa Mbeya. Nikamweleza habari ya kidole na hesabu ya kurasa.

"Kurasa mia na kumi na tisa siwezi kuzibana kwa pini katikati. Kitabu kitajifungua kama mdomo wa mamba. Na nikikipiga gundi mgongoni, hakitalala wazi mapajani; atakuwa anakishika kwa mikono miwili, sasa kidole atakitoa wapi?"

"Kwa hiyo?"

"Panua ukurasa wenyewe. Kuna B5, iko katikati ya A5 na A4. Mimi nitapoteza makombo ya karatasi pembeni, hilo niachie. Lakini usipange kitu kabla hujakishika. Njoo."

Nilikwenda Jumamosi. Alichukua karatasi chakavu zilizochapwa upande mmoja, akazikunja, akazipiga pini, akaziweka chini ya kisu cha mashine yake. Kisu kilishuka kwa mlio mzito. Akanipa kitabu kisicho na maana yoyote, nusu tupu na nusu matangazo ya watu. Nikakiweka mapajani. Kililala wazi chenyewe. Nikasimama nikakibeba kwapani, nikazunguka nacho chumba kizima, yule mama akiniangalia na kucheka.

"Mama yako ni mrefu au mfupi?"

"Ananifikia hapa."

"Basi kitamtosha."

Niliporudi dukani ndipo nilipoanza kuielewa kazi. Nilibadilisha upana na urefu, na ukurasa ukakua, lakini maandishi yalibaki yamejikunyata kwenye kona ya juu, kama mgeni aliyepewa kitanda kikubwa akalala pembeni. Namba za kurasa zilikuwa zinaelea katikati ya sentensi. Picha ya mafiga ilikatwa, figa moja likabaki ukurasa wa nyuma. Vichwa vya habari vilikuwa vinaning'inia chini kabisa ya kurasa bila neno hata moja chini yake. Nilizipitia moja moja. Nilisogeza, nikapanua nafasi tupu za pembeni ili mama apate mahali pa kushikia bila kufunika neno, nikaongeza zaidi upande wa ndani unaomezwa na mkunjo. Na kwa sababu nilikuwa nimeahidi, kila ukurasa nilisikiliza tena sauti yake kwenye simu na kurudisha maneno yake. Chungu kikalia. Jua "likakaa juu ya mabega" badala ya "kuwa kali." Wateja waliniona nimevaa vipaza sauti vya masikioni, natabasamu peke yangu.

Ilikuwa katika kusikiliza huko nikafika tena pale ambapo nilikuwa nimepaondoa kwa siri.

Kuna dakika karibu tisa za sauti ambazo sikuzichapa kabisa. Mama anamzungumzia baba. Baba yangu alikuwa anachukua chumvi ya akina mama Ivuna anaipeleka Mlowo na Tunduma, na baadaye akaanza kuvuka nayo mpaka. Nilikuwa na miaka saba alipovuka mara ya mwisho. Tulisikia ana nyumba nyingine upande wa kule, na baadaye sana tukasikia amefariki. Mimi nimeishi Tunduma miaka yote hii, naweza kutembea kwa miguu mpaka kule alikoishi, na sijawahi kwenda kuuliza. Nilipokuwa nachapa mara ya kwanza nilijiambia kwamba kitabu ni cha chumvi, si cha mambo ya nyumbani. Nilijiambia namlinda mama. Na nilijua, ingawa sikulisema hilo hata moyoni, kwamba mama hatasoma kwa makini, nitamsomea mimi.

Sasa nilikuwa natengeneza kitabu ambacho atakisoma mwenyewe, mstari kwa mstari.

Nilimaliza nikatuma Mbeya. Kesho yake yule mama akapiga simu.

"Kazi safi. Una kurasa sitini na moja. Mimi nachapa kwa nne nne, ukibana kwa pini ni lazima hesabu igawanyike. Kwa hiyo ni sitini na nne. Kurasa tatu za mwisho unaweka nini? Wengine huweka mistari mitupu, watu waandike kumbukumbu zao."

"Nipe siku mbili," nilisema.

Nilifunga duka mapema nikampigia mama. Kwetu mtandao unashika vizuri ukipanda kidogo upande wa kanisani, kwa hiyo ilibidi nimngojee apande. Nilisikia anavyohema, na upepo.

"Mama, kuna kitu nilikitoa kwenye kitabu."

"Najua."

"Umejuaje? Si hukukisoma?"

"Ulinisomea. Ulipofika pale pa kujenga mafiga, ukapita mbio. Wewe toka mtoto ukificha kitu unasoma haraka." Hakukasirika. Alisema kama anayeniambia shati langu limetoka vifungo. "Mbona baba yako hayumo?"

"Alituacha, mama."

"Alituacha, ndiyo. Mimi ndiye niliyeachwa, nakumbuka kuliko wewe. Lakini kabla ya kuondoka alikuwepo. Mafiga yale nani aliyabeba? Nani aliyenichimbia mfereji? Nikiandika kitabu cha chumvi nikamtoa yeye, watu wa kwetu watasoma watasema huyu mama ni mwongo, mafiga yalikuja yenyewe kwa miguu."

Nje ya mlango lori lilikuwa linarudi nyuma, mtu analielekeza kwa kupiga kelele.

"Upo?" mama aliuliza.

"Nipo."

"Kalamu unayo?"

"Ninayo kompyuta."

"Haya. Andika."

Sikumwambia kwamba sauti yake ya zamani ninayo. Nilitaka aseme sasa. Aliongea polepole kuliko alivyoongea dukani, anangoja baada ya kila sentensi, kama yule mwalimu wake wa jioni alivyokuwa akiwaandikisha imla. Alisema baba aliyatoa mawe mlimani, akawa anachagua yasiyopasuka kwa moto kwa kuyagonga na kuyasikiliza. Alisema mfereji alimchimbia kwa siku mbili, na kwamba alikuwa mvivu wa kila kitu isipokuwa kuchimba. Akasema watu walimcheka kwa sababu alikuwa anakaa na wanawake kwenye moshi badala ya kukaa na wanaume. Kisha akasema jambo ambalo halikuwamo katika zile dakika tisa.

"Andika na hili. Mwanangu wa kwanza alikuwa anatambaa palepale kwenye chumvi. Akijisugua macho, analia. Mimi mikono yangu yote chumvi, nikimgusa namzidishia. Baba yake ndiye aliyekuwa anamchukua, anamlaza mapajani, anamlamba macho kwa ulimi. Analamba, anatema, analamba, mpaka mtoto anyamaze. Umeandika?"

Sikuwa nimeandika. Nilikuwa nimeondoa mikono kwenye kompyuta.

"Umeandika, baba?" Mama huniita baba anapotaka kuwa mpole kwangu.

"Naandika, mama."

"Usiharakishe."

Niliandika. Nilikosea herufi nyingi nikazirudia. Mama alingoja kule juu kanisani, namsikia anaitikia salamu za watu wanaopita. Nilipomwambia nimemaliza na zimebaki kurasa tatu, akauliza kama nafasi inatosha, nikamwambia bado sijui. Akasema isipotosha nitajua mwenyewe cha kufanya, yeye kibaridi kinaanza na hakubeba khanga ya pili.

Haikutosha. Kwa herufi zile kubwa na mistari ile iliyoachana, maneno ya baba yalijaza kurasa tatu yakamwagika kwenye ya nne. Nilijaribu kubana. Nilijaribu kupunguza nafasi kati ya mistari, kidogo tu, nikaona naanza tena ujinga uleule. Ndipo nikaufungua ule ukurasa wa sitini na moja, wangu, wenye picha ya tai. Niliutazama kwa muda. Halafu niliufuta, na maneno ya baba yakaanzia hapo. Zikatimia sitini na nne bila kubaki nafasi ya mstari.

Yule mama wa Mbeya alipoipokea kazi alinipigia tena, ingawa hakukuwa na tatizo lolote. Aliniuliza tu, "Zile za mwisho ni za nani, zako au za mama yako?" Nikamwambia ni za mama. Akasema, "Mm," kisha akasema nakala zitakuwa tayari Alhamisi.

Niliteremka nazo Ivuna kwenye maboksi mawili. Mama alichagua nakala yake mwenyewe kwa kuzipekua zote, kama mtu anayechagua nyanya, ingawa zilikuwa zinafanana. Alikaa uani, akakiweka mapajani, kikalala wazi. Nilitaka kukaa nione. Akaniambia niende nikamsaidie mdogo wangu kuteka maji. Nilikwenda. Nikiwa narudi na ndoo nilimsikia kutoka nyuma ya nyumba, anatamka, silabi kwa silabi, kwa sauti ile ile ya zahanati. Niliweka ndoo chini nikasimama mpaka akafika nukta.

Alisoma ukurasa mmoja kwa siku, wakati mwingine miwili. Jioni alikuwa anapanda upande wa kanisani kunipa taarifa. "Leo nimefika kumi na tisa." "Leo sijasoma, tulikuwa na msiba." Kurasa za baba alizifikia baada ya mvua za kwanza. Siku hiyo aliniambia tu kwamba amemaliza, na kwamba mimi sikukosea hata neno moja, nikamshukuru, tukaongea habari za mpunga.

Mwezi uliopita alinipigia mchana, jambo ambalo si la kawaida, nikashtuka. Kumbe akina mama wenzake wa chumvi walikuwa wamekuja kwake, akawa anawasomea. Mmoja wao, rafiki yake wa siku nyingi, alimkatiza akasema maji ya chumvi huchujwa mara mbili, si mara moja kama ilivyo kwenye kitabu. Wakabishana karibu wagombane.

"Nikamwambia, imeandikwa! Hii hapa, tazama, imeandikwa!"

"Sasa mama, kati yenu nani yuko sahihi?"

Alipunguza sauti. Niliwasikia wenzake wanacheka kwa mbali.

"Yeye," alisema. "Lakini imeshachapwa."